Mikorosho iliyogeuka tarehe: kuwafundisha wanabiolojia wa Mtwara kuandika programu

Msimu wa mwaka 2024 nilikuwa nikishughulikia takwimu za shamba moja la majaribio, katika mradi mdogo uliokuwa ukilinganisha namna mbalimbali za kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho. Shamba lilikuwa na mistari 16 na kila mstari mikorosho 16, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, na kila mti tuliuita kwa namba mbili: namba ya mstari, kistari, kisha namba ya mti. Mkorosho wa tano katika mstari wa tatu uliitwa 3-5. Ni utaratibu ambao yeyote aliyewahi kuzunguka shambani na karatasi mkononi angeubuni, kwa kuwa ni mfupi, hauchoshi mkono, na vibarua wote waliuelewa siku ya kwanza.

Tulikuwa wawili tuliokuwa tukiingiza takwimu hizo katika Excel, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Yangu ilikuwa imepangwa kusoma siku kwanza kisha mwezi. Ya mwenzangu ilikuwa bado na mpangilio wa Kimarekani iliotoka nao dukani, ambao hutanguliza mwezi. Tulipoandika 3-5, Excel haikuona mkorosho, iliona tarehe. Kwangu ikawa tarehe 3 Mei, kwake ikawa tarehe 5 Machi. Kwa kuwa Excel huhifadhi kila tarehe kama hesabu ya siku, mti uleule mmoja ulikuwa 45415 katika kompyuta yangu na 45356 katika kompyuta yake. Zaidi ya hapo, mkorosho mwingine kabisa, ule wa 5-3, ulikuwa kwangu ni tarehe 5 Machi, yaani 45356. Tulipoyaunganisha mafaili yetu, miti miwili iliyokuwa imetengana kwa mistari miwili shambani ikawa mti mmoja katika jedwali. Mkorosho wa 13-14 ulisalimika kwa sababu hakuna mwezi wa 13 wala wa 14, na kusalimika kwa miti ya namna hiyo ndiko kulikotudanganya, maana kila tulipofungua faili tuliona sehemu iliyo sahihi na macho yakatulia.

Nilishtuka majuma kadhaa baadaye, nilipokokotoa wastani na kuona kwamba baadhi ya miti ambayo haikupuliziwa kabisa ilikuwa na mashada safi kuliko iliyopuliziwa. Mtu aliyewahi kuona unga mweupe ukiwa umefunika maua ya mkorosho asubuhi ya mwezi wa Julai hawezi kuliamini jambo hilo. Nilirudi kwenye karatasi za shambani, zilizokuwa na madoa ya jasho na salfa, nikaingiza upya mti mmoja baada ya mwingine kwa siku tatu mfululizo. Lau zingekuwa zimetupwa, kazi ya msimu mzima ingekwenda na maji.

Nimelisimulia tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kuwafundisha wenzangu, na kwa sababu bado ninakutana na watu wanaodhani kwamba makosa ya namna hii ni ya wazembe. Wataalamu wa jenetiki wenye maabara kubwa duniani wamepatwa na lilelile. Jeni zilizokuwa zikiitwa SEPT2 na MARCH1 ziligeuzwa na Excel kuwa tarehe za Septemba na Machi. Mwaka 2016 watafiti waliochunguza makala za jenomu zilizoambatishwa orodha za jeni katika mafaili ya Excel walikuta kosa hilo katika takriban makala moja kwa kila tano, na kufikia mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilikuwa imebadilisha majina yenyewe: SEPT2 ikawa SEPTIN2, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Mwaka huohuo, nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingia katika hesabu ya taifa kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani halipokei zaidi ya mistari 65,536, na mistari iliyozidi iliachwa nje bila onyo lolote.

Lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, ni chombo kizuri cha kuingizia takwimu, nami sijaacha kulitumia. Shida yake ni kwamba kazi ya mkono inayofanyika ndani yake haiachi nyayo. Ukifuta mstari, ukapanga upya safu, ukanakili fomula kutoka juu hadi chini na kuruka mistari miwili, hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulifanya hivyo, na wewe mwenyewe baada ya miezi sita hutakumbuka. Msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, huacha nyayo. Kila hatua imeandikwa, kwa mpangilio wake, na mtu mwingine anaweza kuisoma, kuirudia na kukubishia. Katika biolojia, ambamo tunadaiana ushahidi katika kila jambo, sioni kwa nini hatua hii moja ya uchambuzi iachwe ifanyike gizani.

Mimi mwenyewe nilijifunza kupitia masomo ya bure ya The Carpentries. Mwanzo wake ni Software Carpentry, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Greg Wilson na Brent Gorda katika maabara ya taifa ya Los Alamos, Marekani, kwa ajili ya wanasayansi ambao kazi yao inahitaji kompyuta lakini hawakusomea kompyuta. Mwaka 2014 ikazaliwa Data Carpentry, iliyojikita katika takwimu za fani mahususi, biolojia ikiwa mojawapo, na mwaka 2018 taasisi hizo mbili zikaungana. Warsha yao ya kawaida ni ya siku mbili. Mwalimu huandika msimbo papo hapo mbele ya darasa, akiukosea na kuurekebisha, na wanafunzi huandika pamoja naye. Kila mwanafunzi huwa na vipande viwili vya karatasi vya rangi tofauti: hubandika kimoja nyuma ya skrini akiwa amekwama, na kingine akiwa amemaliza, ili wasaidizi wajue pa kwenda bila mtu kunyoosha mkono na kuona haya. Barani Afrika, mtandao wa H3ABioNet uliofanya kazi tangu mwaka 2012 umewafundisha bioinfomatiki, yaani uchambuzi wa takwimu za biolojia kwa kompyuta, watu wengi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Sikubuni jambo jipya, kwa hiyo. Nilichofanya ni kuichukua njia iliyopo na kuitafutia mwili wa hapa kwetu.

Mfano mmojawapo unaotumika sana katika masomo ya ikolojia ya Data Carpentry ni takwimu za panya na wadogo wenzao wa jangwani karibu na Portal, Arizona, zinazokusanywa tangu mwaka 1977. Ni takwimu nzuri na zimetunzwa kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Hata hivyo, mtu wa Msimbati au Kilwa anapofunguliwa jedwali la panya wa Arizona hulazimika kujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, panya na msimbo, na akikwama hajui amekwama kwenye lipi. Akifunguliwa jedwali la pweza, nusu ya jedwali anaijua tayari.

Warsha yetu ya kwanza ilikuwa ya watu 14, katika ukumbi wa kukodi hapa Mtwara mjini, siku ya Ijumaa na Jumamosi. Walikuwamo watu wa korosho na ufuta, wateknolojia wa maabara za hospitali, afisa uvuvi anayekaribia kustaafu, watu wawili wanaoshughulika na matumbawe na nyasi za bahari, na mwalimu wa biolojia wa sekondari aliyekuja kwa nauli yake kutoka Newala. Nilijifunza haraka kwamba warsha huanza siku moja kabla. Alhamisi jioni tulikutana kwa ajili ya kuweka programu tu. Nilikuwa nimekwisha kuzipakua zote na kuziweka kwenye flashi, kwa maana watu 14 wakianza kupakua kitu kimoja kwa bando za simu, asubuhi nzima huishia hapo. Kompyuta mbili zilikuwa kuukuu mno kupokea toleo jipya la Python, lugha ya kuandikia programu tuliyoitumia. Tukawaketisha wenyewe wawiliwawili na wenzao, na nikaona kwamba waliokaa wawili mbele ya skrini moja hawakuachwa nyuma hata kidogo, kwa sababu walilazimika kuzungumza. Tangu hapo nimekuwa nikiwaketisha watu wawiliwawili kwa makusudi, hata kompyuta zikitosha.

Umeme ulikatika mara moja, Ijumaa saa tano asubuhi. Tuliandika kwenye ubao mpaka uliporudi, kisha saa sita na nusu tukasimama kwa ajili ya sala ya Ijumaa.

Jambo ninaloliamini kuliko mengine yote katika kazi hii lilijidhihirisha wakati wa kukatika huko. Dada mmoja, mteknolojia wa maabara kutoka upande wa Lindi, alikuwa ameniambia wakati wa chai, “Mwalimu, mimi na kompyuta hatujuani. Nimeletwa tu na mkuu wangu.” Nilimwomba aje ubaoni anieleze anavyoipanga mashine ya PCR, ile inayozidisha nakala za DNA kwa kuipasha joto na kuipoza. Akachukua chaki na kuandika bila kusita: nyuzi joto 95 kwa dakika tano, kisha nyuzi 95 kwa sekunde 30, nyuzi 55 kwa sekunde 30, nyuzi 72 kwa dakika moja, hatua hizo tatu zirudiwe mara 35, mwisho nyuzi 72 kwa dakika saba, na nyuzi 4 mpaka mtu atakapokuja kuchukua sampuli. Nikaizungushia duara sehemu ya “mara 35” nikamwambia kwamba hiyo ndiyo inayoitwa kitanzi, na kwamba yeye amekuwa akiandika programu kwa miaka yote aliyofanya kazi maabara, ila anaiandikia mashine nyingine.

Umeme uliporudi tuliandika pamoja mistari minne:

nakala = 1
for mzunguko in range(35):
    nakala = nakala * 2
print(nakala)

Kila mzunguko wa PCR, kwa nadharia, huzidisha nakala za DNA mara mbili. Alibonyeza, na skrini ikaandika 34359738368, yaani zaidi ya bilioni 34 kutoka nakala moja. Ukumbi ulinyamaza. Yeye akaitazama namba ile kwa muda, kisha akasema, “Lakini haifiki huko. Vitendanishi huisha njiani, mizunguko ya mwisho haizidishi hivyo.” Alikuwa sahihi. Programu ilitii tulichoiambia na haikujua kitu kuhusu vitendanishi, na aliyelijua hilo ni mtu aliyesema kwamba yeye na kompyuta hawajuani. Swali lake lililofuata lilikuwa namna ya kuiambia kompyuta kwamba kuzidisha kunapungua kadiri mizunguko inavyosonga. Nilikuwa nimepanga kufundisha masharti, yaani maagizo ya “ikiwa hivi, fanya vile”, siku ya pili. Tukayafundisha hapohapo, kwa sababu swali lilikuwa limefika.

Mwanabiolojia anajua tayari sehemu kubwa ya kuprogramu. Anajua kufuata protokali na kuiandika ili mwingine aifuate, anajua kuweka sampuli ya kulinganishia, anajua kwamba bomba lisilo na lebo ni bomba la kumwagwa. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba nidhamu hiyohiyo ndiyo inayotakiwa mbele ya kibodi. Walimu wengi wa kompyuta niliowaona huanza na historia ya kompyuta, aina za kumbukumbu, na orodha ya amri, na kufikia adhuhuri mwanabiolojia anakuwa amehakikishiwa kwamba hili ni jambo la watu wengine.

Upande wa lugha nao una faida ambayo sikuitegemea. Maneno ya Python yenyewe ni ya Kiingereza, na siwezi kuyabadilisha. Majina ambayo mwanafunzi huyatunga mwenyewe, kwa upande mwingine, tuliyaandika yote kwa Kiswahili: nakala, mzunguko, uzito, kijiji. Mtu anayeanza, akisoma mfano ulioandikwa wote kwa Kiingereza, hawezi kujua ni neno gani ni la Python na lipi ni la mwandishi, kwa hiyo hukariri yote kama dua. Darasani kwetu neno la Kiswahili ni lako, unaweza kulibadilisha upendavyo. Neno la Kiingereza ni la mashine, liandike kama lilivyo. Tofauti hiyo huwachukua wanafunzi wa mahali pengine muda mrefu kuing’amua, na wetu waliiona kwa macho tangu mstari wa pili.

Jumamosi asubuhi ilikuwa ya pweza. Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500, kwa hiyo swali la kwanza la afisa uvuvi yeyote wa pwani hii ni rahisi kulitaja: wangapi walioletwa ufukweni ni wadogo kuliko kanuni inavyoruhusu? Mzee wetu alikuwa amekuja na faili lake la miaka miwili. Tuliandika mstari mmoja wa kuchagua wale ambao uzito wao ni chini ya 500, na kompyuta ikamjibu kwa aya nzima ya maandishi mekundu.

“Mwanangu, imekataa,” akaniambia, akiondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba ameivunja.

“Haijakataa, mzee wangu. Inatueleza. Tuanze kusoma mstari wa mwisho.”

Mstari wa mwisho ulisema KeyError: 'uzito'. Nikamweleza kwamba kompyuta inasema haioni safu yenye jina hilo. Akaweka kidole kwenye skrini: “Si hii hapa?” Tukaiagiza kompyuta ituorodheshee majina ya safu kama inavyoyaona yenyewe, na katika orodha hiyo jina lilikuwa 'Uzito ', kwa herufi kubwa mwanzoni na nafasi tupu mwishoni, kabla ya alama ya kufunga. Akaisogelea skrini mpaka miwani yake ikakaribia kuigusa. “Kumbe inaona hata pasipo na kitu,” akasema. Nimeyatumia maneno yake hayo katika kila warsha tangu siku ile, kwa sababu sijapata maelezo bora ya nafasi tupu.

Ujumbe wa kosa ndio unaowafukuza watu wengi. Wekundu wake, urefu wake na Kiingereza chake humfanya mtu aone amekemewa. Ndiyo sababu ninatenga saa nzima ya kukosea kwa makusudi: tunasahau mabano, tunasahau nukta mbili, tunaandika jina vibaya, na kila mara tunausoma mstari wa mwisho kwa sauti na kuutafsiri. Baada ya saa hiyo sura za watu hubadilika. Kuna wanaonishauri niipunguze ili tupate nafasi ya kuchora grafu, nami hukataa, kwa maana grafu mtu atajifunza mwenyewe nyumbani ikiwa haogopi wekundu ule, na akiuogopa hatajifunza hata akichorewa grafu kumi.

Faili la mzee lilikuwa na mengi zaidi. Taarifa yake ya mwaka uliotangulia ilitaja vijiji saba. Kompyuta nayo ilihesabu saba, lakini tulipoiagiza ivitaje kwa majina, Msimbati ilitokea mara tatu: mara moja ilivyo, mara moja kwa herufi kubwa zote, na mara moja ikiwa na nafasi tupu nyuma. Vijiji vilikuwa vitano. Kisha tukapanga uzito kuanzia mdogo kabisa, na juu ya orodha wakatokea pweza wenye uzito wa 1.2, wa 0.9, wa 2.4. Aliwatazama akasema hakuna pweza wa gramu moja. Mtu aliyekuwa akipima katika mialo miwili aliandika kilo, wengine wote waliandika gramu, na kila pweza aliyepimwa kwa kilo alikuwa amehesabiwa kuwa mdogo kuliko kanuni. Mzee alinyamaza kimya kirefu. Taarifa ile ilikuwa imekwisha kwenda juu, na ilisema kwamba wavuvi wa mialo hiyo, wengi wao wakiwa kina mama wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua, wanavuna pweza wachanga kwa wingi.

Mchana wa Jumamosi niliwawekea faili la jenomu ya kirusi cha chikungunya. Nililichagua kwa sababu ni letu. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala, na ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1955 na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden. Jina lenyewe ni la Kimakonde. Mwalimu kutoka Newala alisimama kulieleza, akijikunja mwili kidogo kuonyesha mtu ambaye viungo vimemkatalia kunyooka, na nusu ya ukumbi, walio Wamakonde, waliitikia kwa kichwa. Mfuatano wa jenomu unaotumiwa na watafiti duniani kote kama rejea umetoka katika aina ya kirusi iitwayo S27, iliyopatikana kwa mgonjwa wa wakati huo huku kwetu. Wengi ukumbini hawakulijua hilo, na niliona likiwagusa.

Faili ni maandishi matupu, herufi A, C, G na T zimepangwa mfululizo. Tulihesabu urefu: herufi 11,826. Tukahesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kwa mistari mitatu ya msimbo, kazi ambayo kwa macho na kalamu ingemchukua mtu siku nzima na bado angekosea. Hapo mwalimu akauliza, “Mbona kuna T, na kirusi hiki ni cha RNA? RNA haina T, ina U.” Ni desturi ya hazina za takwimu za jenomu kuandika mfuatano wote kwa herufi za DNA, hata pale chanzo kilipo RNA. Tukaandika mstari mmoja wa kugeuza kila T kuwa U, kisha tukahesabu tena kuhakikisha kwamba urefu haukubadilika. Nilifurahi sana kwa swali lile, kwa sababu lilikuwa la biolojia tupu na lilijibiwa kwa msimbo, na aliyeuliza ndiye aliyeandika jibu.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Nilijaribu kufundisha Python na lugha nyingine iitwayo R kwa pamoja, nikidhani ninawapa watu uhuru wa kuchagua, na matokeo yake ni kwamba alasiri ya Ijumaa watu walikuwa wakichanganya alama za lugha hizi mbili. R ni lugha nzuri mno kwa takwimu, na watafiti wa kilimo wengi wataifikia, lakini siku mbili zinatosha lugha moja. Nilikwenda pia mbio katika sehemu ya folda na njia za mafaili, kwa sababu niliona ni jambo dogo. Kwa mtu aliyezoea kufungua kila kitu kutoka kwenye skrini ya mbele, swali la “faili lako liko wapi?” ni gumu kuliko kitanzi. Vipande vya karatasi za manila vilikuwa vimebandikwa nyuma ya skrini saba, vyote vya rangi ya kukwama, nami nilikuwa ninaendelea kuandika.

Ipo pia hoja nzito dhidi ya warsha zenyewe. Mwaka 2017, katika jarida la PNAS, ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanafunzi 294 wa shahada ya uzamivu katika sayansi za maisha, kutoka vyuo 53 vya Marekani, kuona kama waliopitia mafunzo mafupi mwanzoni mwa masomo yao walikuwa wamesonga mbele katika stadi za utafiti kuliko ambao hawakuyapitia. Haikuonekana tofauti yoyote. Nimeusoma zaidi ya mara moja, na sikubaliani na wanaoukwepa kwa kusema kwamba darasa lao ni tofauti. Kila anayefundisha kwa siku mbili anapaswa kuuchukulia kama swali lililoelekezwa kwake. Nionavyo mimi, siku mbili zinaweza kuondoa hofu na kumwonyesha mtu mlango. Stadi hukua pale anapokuwa na kazi yake mwenyewe ya kufanya na mahali pa kwenda akikwama. Semina nyingi zinazofanyika huku hukosa sehemu hiyo ya pili. Watu husaini mahudhurio, hupokea posho na cheti, na Jumatatu hurudi kwenye lahajedwali lilelile, kwa mkono uleule.

Kwa hiyo tulikubaliana kukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, bila posho, kila mtu na faili lake. Mwezi wa kwanza walikuja tisa, wa pili sita, wa tatu wanane. Hakuna somo. Mtu hueleza alipokwama, msimbo huwekwa kwenye projekta, na tunautazama pamoja kama wateknolojia wanavyotazama slaidi moja chini ya hadubini kwa zamu. Dada wa maabara ameandika programu inayokagua namba za sampuli na kumwonya zinapojirudia. Mimi nimebadilisha majina ya mikorosho: mti wa 3-5 sasa ni M03T05, kwenye karatasi, kwenye faili na kwenye kibao kinachoning’inia shinani, na hakuna mpangilio wa tarehe nchini wala ng’ambo utakaouchukua.

Mzee wa uvuvi hakuja mwezi wa kwanza. Alipokuja wa pili alikuwa na bahasha. Ndani yake kulikuwa na taarifa yake iliyosahihishwa, yenye vijiji vitano na hesabu mpya ya pweza wadogo, na nyuma yake ameambatisha msimbo wote, kurasa mbili, uliochapwa kwa maandishi makubwa. Mkuu wake hana Python wala hana haja ya kuwa nayo, kwa hiyo kando ya kila mstari, kwa kalamu ya buluu, mzee alikuwa ameandika kwa Kiswahili kile ambacho mstari huo unafanya, na kando ya mstari unaogeuza kilo kuwa gramu alikuwa ametaja majina ya mialo miwili na tarehe alizokwenda huko kuthibitisha mizani.